Sinema ya Unguja: Watazamaji Walikuwepo, Mtaji Ulikwenda Wapi?

Ukiwauliza wafanyabiashara wa Darajani kwa nini majumba ya sinema ya Mji Mkongwe yalifungwa, wengi watakujibu kwa neno moja: video. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini halitoshi. Video iliingia kila nchi. Kwa mwekezaji mdogo anayefikiria kutia fedha zake katika filamu hapa Unguja, swali la maana ni kwa nini pigo lile lile liliwaangusha baadhi moja kwa moja na wengine wakainuka.

Tuangalie hesabu za Uingereza. Mwaka 1946 majumba ya sinema ya nchi hiyo yaliuza tiketi zipatazo milioni 1,635. Mwaka 1984 tiketi zilizouzwa zilikuwa milioni 54 tu. Mwaka 1985 serikali ya Margaret Thatcher ikafuta ada ya Eady, ambayo tangu 1950 ilikata sehemu ya bei ya tiketi na kuwarudishia watengenezaji wa filamu. Ilionekana kama mazishi. Hata hivyo, mwaka huo huo jumba la kwanza lenye kumbi nyingi chini ya paa moja lilifunguliwa Milton Keynes kwa mtaji wa Kimarekani. Mwaka 1995 fedha za bahati nasibu ya taifa zikaanza kwenda kwenye filamu, na mwaka 2002 tiketi zilifika milioni 176. Serikali iliondoa mkono mmoja, ikaruhusu mtaji kuingia, kisha ikarudisha mkono mwingine.

Hapa kwetu, Hassanali Adamji Jariwalla alifungua jumba la Royal mwaka 1921. Moto ulipoliteketeza jengo hilo katika miaka ya 1950, mahali pake, Vuga, likajengwa Majestic mwaka 1955. Empire na Sultana yalikuwa yakishindana nalo. Filamu za Kihindi kama Awaara (1951) na Mother India (1957) zilijaza viti. Biashara ilijiendesha yenyewe: mapato ya mlangoni ndiyo yaliyokodi filamu ya wiki ijayo na kutengeneza kiti kilichovunjika.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 majumba hayo yalichukuliwa na serikali. Bara nako, Tanzania Film Company iliundwa mwaka 1968, na uingizaji wa filamu ukawa mikononi mwa dola. Sera hiyo ilikuwa na hoja yake: faida ya burudani iwafikie wananchi, na fedha za kigeni zisitoke ovyo. Kasoro ilikuwa katika uendeshaji. Mapato ya mlangoni yalikoma kuwa mtaji wa jumba lenyewe.

Kisha ikaja karafuu. Indonesia, iliyokuwa mnunuzi wetu mkubwa, ilipoanza kujitosheleza kwa karafuu zake, bei iliporomoka katika miaka ya 1980. Katika foleni ya fedha za kigeni, vipuri vya mashine za sinema haviwezi kusimama mbele ya mchele na dawa. Katikati ya miaka hiyo Zanzibar ikalegeza masharti ya biashara, na deki za video zikamiminika kutoka Dubai. Mteja akawa na hiari ya kuona filamu mpya sebuleni, au filamu iliyochakaa katika jumba linalovuja. Mwenye jumba alikuwa serikali yenye mfuko mtupu, na mtu binafsi hakuwa na sababu ya kuezeka paa lisilo lake. Empire likageuzwa duka.

Hasara ya jambo hili inaonekana mpaka leo. Tamasha la ZIFF limekuwa likionyesha filamu Ngome Kongwe tangu 1998. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi na kupigwa hapa hapa Zanzibar, ilizinduliwa Toronto mwaka 2021. Lakini tamasha ni soko la siku chache. Mtengenezaji anahitaji pa kuuzia mwaka mzima.

Je, mwekezaji akimbilie kujenga jumba? Ukurasa huu unashauri tahadhari. Sensa ya 2022 ilihesabu watu wasiofika milioni 1.9 Zanzibar nzima, Pemba ikiwemo. Jumba kubwa la mtindo wa Majestic haliwezi kujilipa kwa tiketi peke yake. Ukumbi mdogo wenye mkahawa, unaowalenga wenyeji na wageni pia, una hesabu inayoeleweka zaidi. Salama zaidi kwa mwenye mtaji mdogo ni huduma: kukodisha taa na jenereta, usafiri, chakula na malazi ya watengenezaji filamu. Hao hulipa hata filamu isipouzika.

Kwa upande wa serikali, tunasema wazi. Baraza la Sanaa, Sensa, Filamu na Utamaduni lina kazi ya kukagua na ya kukuza kwa pamoja. Tozo yoyote inayokatwa kwenye tiketi au kibali cha kupiga filamu iwekwe katika mfuko unaojulikana, hesabu zake zitangazwe kila mwaka, na fedha zirudi kwenye kumbi na kwa watengenezaji wa hapa. Bila hivyo, wageni wataendelea kupiga picha za vichochoro vyetu, na faida itahesabiwa kwingine.