NANI ALIYEWALIPIA NAULI YA BARAZANI?



Khabari za mafuta na gesi zimekuwa zikivuma visiwani kwetu miaka mingi, na kila zivumapo twaambiwa tuwe na subira, neema i njiani. Subira tunayo. Anayetaka kuipima subira ya watu wa Bwejuu na awaulize akina mama wanaoinamia mwani tangu maji yakupwapo hata yajapo, au akumbuke ule msimu wa Disemba 2009 mpaka Machi 2010, Unguja nzima ilipokaa kizani miezi mitatu kwa kuharibika njia moja tu ya umeme itokayo Bara. Lakini mwenye subira hakunyimwa ulimi, na swali letu leo ni hili: mheshimiwa anaponyanyua mkono Barazani au Bungeni kupitisha jambo la umeme, la mafuta au la gesi, mkono ule ni wa nani? Ni wa waliosimama foleni kumpigia kura, au ni wa yule aliyemlipia magari, fulana, kanga na vipaza sauti vya kampeni?

Twajua watasema kuwa swali hili ni matusi. Basi na tuwakumbushe yaliyokwisha semwa hadharani, tena na wenzao wenyewe.

Tarehe 18 Julai 2011, Bunge la Muungano likijadili bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini, Mbunge wa Kilindi, marehemu Beatrice Shellukindo, wa chama kile kile kinachotawala, alisimama na barua mkononi. Barua ile ilitoka kwa Katibu Mkuu wa Wizara hiyo, Bwana David Jairo, nayo ilizitaka taasisi zilizo chini ya Wizara zichange shilingi milioni 50 kila moja ili kufanikisha kupitishwa kwa bajeti. Kufanikisha! Tangu lini bajeti ya nchi ikahitaji kufanikishwa kwa mchango, kama ngoma ya harusi? Bajeti ile ilirudishwa, na Bunge baadaye likaunda kamati teule ya kuchunguza. Wako waliosema kuwa hizo zilikuwa fedha za taasisi za umma, wala hazikutoka kwa mfanyabiashara. Sisi twaona ni vibaya zaidi, maana hapo mwananchi analipia umeme, na fedha yake inakwenda kumlainisha yule yule aliyetumwa kumlinda.

Mwaka uliofuata, Julai 2012, Spika Anne Makinda aliivunja Kamati ya Bunge ya Nishati na Madini kwa madai kwamba baadhi ya wajumbe wake walikuwa na maslaha katika biashara za TANESCO na katika zabuni za mafuta ya kuendeshea mitambo. Madai tunayaita madai, kwa sababu hapana mbunge aliyetiwa hatiani kwa jambo lile. Lakini kamati nzima haivunjwi kwa sababu ya upepo.

Kisha ikaja Tegeta Escrow, na hapa ndipo panapotaka kutuliwa. Kampuni ya IPTL ilifunga mkataba mwaka 1995 wa kuiuzia TANESCO umeme wa megawati 100 kwa mitambo ya kuchoma mafuta. Mkataba ule ulizaa magomvi ya bei, na fedha za ugomvi zikawekwa katika akaunti maalumu Benki Kuu. Mwishoni mwa 2013 fedha zile zikatolewa, na mwaka uliofuata Kamati ya Hesabu za Serikali, chini ya uenyekiti wa Ndugu Zitto Kabwe, ikaleta Bungeni orodha ya watu waliopokea mgao kutoka kwa aliyekuwa mwenye hisa katika kampuni ile. Orodha ile ilikuwa na majina makubwa. Waziri wa Ardhi, Profesa Anna Tibaijuka, alipokea kiasi cha shilingi bilioni 1.6, naye akasema ni mchango kwa ajili ya shule. Bwana Andrew Chenge alipokea kiasi kama hicho. Huyu alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Bajeti ya Bunge. Bwana William Ngeleja, mwenyekiti wa kamati nyingine ya Bunge, alipokea shilingi milioni 40.4, naye kabla ya hapo alikuwa Waziri wa Nishati na Madini mwenyewe.

Ngeleja alizirudisha fedha zile Julai 2017, akaeleza kwamba alizipokea kama msaada, mfano wa misaada ambayo wabunge huipata kwa marafiki kwa kazi za jimbo. Twamshukuru kwa kuzirudisha, na twamshukuru zaidi kwa maneno yale, kwani ametueleza desturi ilivyo. Msaada! Nchi nzima ina walimu wasio na nyumba na wavuvi wasio na nyavu, na huruma ya tajiri wa umeme ikapita juu ya vichwa vyao wote, ikaenda kutua kwa aliyekuwa Waziri wa Umeme. Wazee wetu walisema mkono mtupu haulambwi. Hawa mikono yao ilikuwa na kitu gani hata ikalambwa? Ilikuwa na kura, saini na kiti cha kamati.

Wako wenye akili watakaotuuliza: mna hakika gani kwamba fedha ndiyo iliyoileta kura? Huenda mheshimiwa alikuwa na rai yake tangu zamani, tajiri akampenda kwa rai hiyo. Hoja hii si ya kudharauliwa. Mwaka 2020 wataalamu wa Marekani walichapisha katika jarida la Chuo cha Taifa cha Sayansi cha nchi yao uchunguzi wa kura za wabunge wao na michango ya kampuni za mafuta na gesi tangu 1990 mpaka 2018. Waliona kwamba aghalabu fedha huifuata kura. Kadiri mbunge alivyozidi kupiga kura dhidi ya ulinzi wa mazingira, ndivyo alivyozidi kuletewa michango baadaye. Kura za namna hiyo katika 2014 zilifuatana na michango zaidi mwaka 2016. Je, hilo lamsafisha mheshimiwa? Hasha! Ijara ikijulikana, hapana haja ya bahasha kabla ya kazi. Kibarua anayejua kuwa jioni atalipwa hufanya kazi asubuhi bila ya kusukumwa. Kwa hiyo haitoshi kuuliza nani alihongwa kabla ya kura. Yapasa kuuliza pia nani alikumbukwa baada yake.

Na Wamarekani waliweza kuhesabu kwa sababu sheria yao inataka michango iandikwe na kutangazwa, jina kwa jina. Sisi tuna Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010, na hesabu za vyama na wagombea huelekezwa kwa Msajili wa Vyama. Basi huko Msajili ndiko zinakolala. Sisi wa Bwejuu hatujaona hata karatasi moja ikibandikwa skuli au penye diko la wavuvi.

Sasa turudi nyumbani. Mafuta na gesi yalitiwa katika mambo ya Muungano mwaka 1968. Aprili 2009 Wawakilishi wetu wa vyama vyote viwili, CCM na CUF, walikubaliana kwa sauti moja kwamba yatolewe. Siku ile tuliwapongeza, na hata leo twaona walifanya la haki. Julai 2015 Bunge likapitisha miswada mitatu ya mafuta na gesi kwa hati ya dharura, wapinzani waliosimama kutaka muda wa kuisoma wakifungiwa nje ya vikao. Mmoja wa miswada ile, kwa mzaha wa dunia, ulikuwa wa uwazi. Kwa sheria zile Zanzibar ikapewa njia ya kusimamia mafuta yake. Uchaguzi wetu wa Oktoba 2015 ukafutwa, ukarudiwa Machi 2016, na CUF, iliyokuwa na viti 22 kati ya 50 vya majimbo katika Baraza lililopita, ikasusia. Ni Baraza hilo la upande mmoja lililopitisha Sheria ya Mafuta na Gesi ya Zanzibar mwaka ule ule wa 2016, na tarehe 23 Oktoba 2018 Serikali ikatia saini mkataba wa mgawanyo na RAK Gas ya Ras al-Khaimah kwa kitalu cha Pemba na Zanzibar.

Hatumtuhumu mtu kwa mkataba huo. Ushahidi hatuna, na karatasi hii haichapi uzushi. Tunalosema ni kwamba mlango ule ule uliopitisha msaada wa Tegeta uko wazi hapa kwetu, hauna komeo wala bawabu, na kilicho ndani ya nyumba mara hii ni bahari yetu.

Bahari hii ndiyo shamba letu. Mwani wa cottonii, uliokuwa na bei nzuri, umekufa mikononi mwa akina mama kwa kuzidi joto la maji, na uliobakia ni spinosum wa bei ya chini. Mafuta yakimwagika mbele ya mwamba wa Bwejuu hayatauliza nani alimpigia nani kura. Na umeme? Machi 2017 Rais Magufuli aliiamuru TANESCO iwakatie wadeni wote, hata Zanzibar. Tulitishiwa giza kwa deni la umeme wa shirika lile lile lililokuwa likilipia mkataba wa IPTL.

Kwa hiyo twataka haya. Kila Mwakilishi, kabla ya kupiga kura juu ya sheria yoyote ya mafuta, gesi au umeme, asimame aseme nani alimchangia na kiasi gani, na aliyepokea kwa wenye biashara hiyo atoke nje kura ikipigwa. Mikataba ichapwe kwa Kiswahili. Hesabu za kampeni zibandikwe kila shehia. Hesabu za chama chetu nazo zitabandikwa, na mwanachama atakayekataa na atuletee sababu zake kwa maandishi.

Tumewaandikia Wawakilishi wa Mkoa wetu wa Kusini barua yenye swali moja tu, lile lililo juu ya ukurasa huu. Majibu tutayachapa kama yatakavyokuja, bila ya kupunguza neno. Na pasipokuja jibu tutaliandika jina, na mbele yake tutaacha pengo jeupe.