Mawingu Tunayo, Nakala Hatuna

Kila anayenunua kamera hukutana mapema na ushauri huu: ukisafiri usijisumbue na madiski, pandisha picha zako mawinguni. Wanaoutoa ni watu wenye nia njema, na kwa kawaida wanaishi mjini, faiba imefika hadi sebuleni. Mimi naupinga. Kwa mtu anayepiga picha Maruku, au Muleba, au kijiji chochote cha nchi hii ambako mtandao huja na kuondoka kama manyunyu, ushauri huu ndio unaopoteza picha. Unampa mpiga picha utulivu wa mtu aliyekwisha kuhifadhi, wakati bado hajahifadhi chochote.

Tupige hesabu. Kamera ya kawaida ya megapikseli 24 hutoa faili ghafi yenye megabaiti 25 hivi. Harusi moja huku kwetu, kuanzia asubuhi nyumbani kwa bibi harusi hadi usiku ukumbini, humfikisha mpiga picha mwenye bidii kwenye picha 2,000 bila shida. Hizo ni gigabaiti 50. Ukipata kasi ya kupandisha ya megabiti 5 kwa sekunde, na isikatike hata mara moja, utahitaji saa 22. Ukiamua kupandisha JPEG tupu za megabaiti 8, bado ni saa 7. Hapo sijagusa bando, wala umeme unaokatika saa mbili usiku, wala ukweli kwamba nafasi ya bure anayotoa Google ni gigabaiti 15, ambazo unagawana na barua pepe zako mwenyewe.

Najua jibu linalokuja: subiri ufike Bukoba mjini, hotelini kuna Wi-Fi. Lakini picha hazipotei hotelini. Zinapotea katika zile siku za kati. Zinapotea kwenye bodaboda iliyoteleza kwenye tope, kwenye begi lililowekwa buti ya basi kwa safari ya kilomita 1,400 hivi kwenda Dar es Salaam, kwenye mfuko wa suruali uliolowa mvua (na Bukoba ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi Tanzania), au melini usiku kati ya Bukoba na Mwanza ulipolala na begi likabaki macho peke yake. Hifadhi ya safarini ni kwa ajili ya siku hizo. Hifadhi inayoanza kazi baada ya hatari kupita ni kama mwavuli ulioachwa nyumbani.

Waliotutangulia kidogo tu walilijua hili. Mwaka 2004 Epson walitoa kifaa kilichoitwa P-2000, diski ya gigabaiti 40 yenye kioo chake na tundu za kadi, ili mpiga picha amwage kadi humo akiwa njiani bila kompyuta. Kadi za wakati ule zilikuwa ndogo na za bei kali, kwa hiyo ilikuwa lazima uimwage moja kila jioni. Leo kadi moja ya gigabaiti 256 inaweza kubeba safari nzima, na tunaiacha ndani ya kamera wiki tatu. Ukubwa umetuletea uvivu, na uvivu huo tumeubatiza jina la teknolojia.

Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh ndiye aliyeeneza kanuni ya tatu-mbili-moja: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na nakala moja ikae mbali. Wengi huiona kanuni ya kizungu, ya watu wenye vifaa. Mimi naona mkulima wa Maruku aliijua kabla ya kamera. Migomba yetu ya ndizi za kupika haizai mbegu za kupanda. Huendelea kuishi kwa machipukizi tu, na aina ya ndizi iliyobaki katika kibanja kimoja hufa siku kibanja hicho kinapokufa. Mnyauko wa bakteria ulipoingia Kagera katikati ya miaka ya 2000, watu waling'oa migomba waliyorithi kwa babu zao. Aliyekuwa amempa shemeji yake chipukizi, katika kijiji ambacho ugonjwa haukufika, alikuwa na pa kurudia. Mwenye choyo hakuwa na pa kurudia.

Wanasayansi nao hawakupata njia bora zaidi ya hiyo. Maruku hapa kuna kituo cha TARI kinachotafiti migomba. Huko Leuven, Ubelgiji, kuna hazina ya kimataifa ya migomba yenye aina zaidi ya 1,500 ndani ya vichupa, na nyingine zimegandishwa kwa naitrojeni ya kimiminika. Hata hao, pamoja na majokofu yao, wameweka nakala ya akiba Montpellier, Ufaransa. Watu wenye naitrojeni hawaamini chumba kimoja. Wewe unaamini kadi yenye ukubwa wa kucha mbili?

Kwa hiyo nasema wazi ninachokitaka. Mpiga picha anayesafiri awe na diski mbili ndogo za SSD na kisoma kadi chenye ncha ya Taipu C. Kompyuta si lazima. Simu nyingi za sasa hupokea kisoma kadi na diski, na pawabenki inatosha kuendesha kazi hiyo umeme ukiwa umekatika. SSD ni ghali kuliko diski za kuzunguka, lakini ile ya kuzunguka ina sahani inayokimbia ndani na sindano inayoelea juu yake, na barabara zetu hazikutengenezwa kwa ajili ya sindano. Kwa wengi wanaolipwa kwa kazi hii, bei ya SSD haizidi malipo ya harusi moja.

Kila usiku, kabla ya kulala, nakili kadi kwenye diski ya kwanza, kisha ya pili. Nakili, usikate: ukikata na waya ukachomoka katikati, faili inaweza isiwepo huku wala kule. Linganisha idadi ya faili pande zote, fungua picha kadhaa, hasa za mwishoni, uone kama zinafunguka kweli. Usiifute kadi hadi ufike nyumbani. Kisha tenganisha diski: moja mwilini mwako, nyingine kwenye begi la mwenzako, au imtangulie mtu unayemwamini anayesafiri kesho. Diski mbili ndani ya begi moja zitaibwa na mwizi mmoja.

Kabla ya safari, jaribu kila kadi mpya kwa programu kama F3 au H2testw, zote za bure. Mitaani kuna kadi zilizoandikwa gigabaiti 512 ambazo ndani hazifiki hata 32. Hupokea picha zote kwa adabu, kisha hurudisha faili tupu. Na usichomeke kadi yako pekee kwenye kompyuta ya steshenari ili uchapishe picha moja. Sote tumeziona flashi zilizorudi kutoka huko folda zake zimegeuka njia za mkato za virusi. Ikibidi, sukuma kwanza ile swichi ndogo ya kufuli ubavuni mwa kadi.

Hadi hapo wapiga picha wenzangu hunikubalia. Ugomvi wetu uko kwenye nakala ya tatu, ambayo mimi nasema si ya mpiga picha. Ni ya aliyepigwa picha, na iachwe pale pale kabla mpiga picha hajaondoka.

Kagera imepigwa picha kwa zaidi ya miaka mia moja, na picha zimekuwa zikienda alikokwenda mwenye hifadhi. Wamisionari wa Afrika, White Fathers, walifungua misheni ya Kashozi mwaka 1892, na makavazi yao makuu yako Roma. Hermann Rehse aliandika kitabu kizima juu ya Kiziba, kikachapishwa Stuttgart mwaka 1910. Kamera zilirudi kwa wingi baada ya tetemeko la 10 Septemba 2016. Zilirudi tena hapa hapa Maruku na kata ya jirani ya Kanyangereko, baada ya serikali kutangaza ugonjwa wa Marburg tarehe 21 Machi 2023. Juni mlipuko ukatangazwa kwisha, na kamera zikawa zimekwisha kuondoka. Mtu wa Maruku anayetaka kuona uso wa jirani yake katika siku zile aanze kutafuta nchi gani?

Tena tunajua gharama ya kuweka kitu sehemu moja. Katuruka, upande huu huu wa Maruku, mwanaakiolojia Peter Schmidt alianza kuchimba mwishoni mwa miaka ya 1960 na kukusanya habari za wafua chuma wa Kihaya kutoka kwa wazee. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na miaka iliyofuata ilizika watu wengi waliokuwa wamebeba simulizi kichwani bila mrithi. Tulikuwa na hifadhi yenye nakala moja moja, na tuliona ilivyofutika.

Mfano wangu ni mdogo kuliko hayo, lakini ndio unaonikasirisha. Mwaka niliomaliza kidato cha sita, ukoo wetu ulikutana Desemba, kama Wahaya walivyo, kila mtu amerudi na mabegi na kelele za mjini. Tulichanga, tukamleta mpiga picha. Alimpiga bibi yetu picha nyingi: akiwa ameketi na vitukuu, akichambua senene, akimcheka mjomba aliyesahau salamu za Kihaya. Jioni tuliomba tunakili. Akasema, "Nitawatumia." Februari akasema diski imekufa. Bibi alifariki baada ya Pasaka, na picha iliyowekwa juu ya jeneza lake ilikuzwa kutoka kadi ya mpigakura. Hakuna anayetabasamu kwenye kadi ya mpigakura. Vitukuu waliozaliwa baadaye wanamjua bibi yao kama mwanamke mwenye hasira.

Nikieleza haya naambiwa, "Ukimwachia mteja picha zote, hatarudi kununua." Sisemi aachiwe faili ghafi. Kamera nyingi huweza kurekodi faili ghafi na JPEG ndogo kwa wakati mmoja. Kwa megabaiti 2 kila moja, picha 2,000 ni gigabaiti 4, nazo zinaingia kwenye flashi ya gigabaiti 8, au kwenye simu ya mjomba. Picha kubwa iliyosafishwa, albamu na fremu bado unauza. Na mteja aliyepoteza kila kitu mikononi mwako harudi pia.

Naambiwa flashi nayo hufa. Kweli, hufa, ndiyo maana nimesema nakala tatu. Flashi ndani ya sanduku la bibi ni daraja la miezi michache, hadi mwanafamilia ainakili penye usalama. Daraja la miezi michache ndilo lililokosekana kwetu.

Hoja ya faragha ndiyo nzito kuliko zote. Nyumba ya mgonjwa wa Marburg si harusi, na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Nakubali. Lakini hoja hii inaubana mkoba wa mpiga picha kabla ya kuibana familia: diski unazosafiri nazo zifungwe kwa nenosiri, ili mwizi aokote chuma tu. Nakala ya familia ipewe familia, mkononi. Isirushwe kwenye kundi la WhatsApp la kijiji. Faragha inamlinda aliyepigwa picha dhidi ya wengine. Haikuwahi kumaanisha kwamba kila mtu awe na sura yake isipokuwa yeye.

Wingu nalo silifukuzi. Ukifika mjini penye mtandao wa uhakika, pandisha picha zako bora. Iwe nakala ya nne, na heri iwepo. Ila isihesabiwe kabla haijafika.

Waliobaki ni ninyi mnaolipa. Desemba inakuja, mtachanga tena na kumwita mtu mwenye kamera. Mnajua kumuuliza bei, na kama ana droni. Muulizeni pia: nakala yetu utatuachia saa ngapi? Akijibu "leo, kabla sijaondoka," mpeni chakula kwanza. Akijibu "nitawatumia," shikilieni nusu ya malipo, naye atatumiwa siku picha zikifika.