Utando wa Lenzi na Hewa ya Pwani

Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu nitoe maoni yangu juu ya jambo dogo kwa macho lakini kubwa kwa faida, nalo ni utando unaowekwa juu ya lenzi za hadubini, darubini na miwani.

Kila uso wa kioo kitupu hurudisha nyuma kiasi cha asilimia 4 ya mwanga. Chombo chenye lenzi 5 kina nyuso 10. Basi karibu theluthi moja ya mwanga hupotea njiani. Mwaka 1935 Alexander Smakula, wa kampuni ya Zeiss huko Ujerumani, aligundua dawa yake: madini huvukizwa ndani ya chombo kilichotolewa hewa, na mvuke wake hutua juu ya kioo, ukawa utando mwembamba wa kiasi cha nanometa 100.

Lakini mvuke huo hutua kwa unyonge. Chembe zake hujipanga kama mabua yaliyosimama, na kati yake hubaki nafasi. Kwetu hapa Raskazone, unyevu wa bahari hautuachi, iwe kusi au kaskazi. Maji huingia katika nafasi hizo, utando ukabadilika tabia. Tena ukiwa laini hukwaruzika upesi. Kupasha kioo moto wa nyuzi 300 za Sentigredi husaidia, lakini miwani ya plastiki haistahimili moto huo.

Wazee wa pwani walipojenga nyumba za mawe, sakafu ya chokaa waliipiga kwa vijiti mpaka ikakaza. Wataalamu nao hufanya vivyo hivyo. Mvuke unapotua, mtambo huupiga kwa ioni za argoni au oksijeni, nazo huushindilia utando bila ya moto mwingi. Njia hii ilianza kuenea katika miaka ya 1980.

Kwa hiyo nasema: tunapochangishana fedha za hadubini, au mzazi anapomnunulia mwanawe miwani, tusiulize bei tu. Tumwulize muuzaji utando umewekwaje, na kama wafaa nchi yenye unyevu. Kilicho rahisi dukani chaweza kuwa ghali maabarani. Hata hivyo utando mzuri hauondoi wajibu wetu: lenzi zikae mahali pakavu, wala tusizifute kwa pindo la shati.

Wako watakaosema haya ni mambo ya viwanda vya Ulaya. Sikubaliani nao. Watafiti wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamefanya kazi juu ya tando nyembamba za kutumia nguvu za jua. Nani aijuaye hewa ya chumvi kuliko mtoto wa Tanga? Shime wanafunzi wenzangu, tusiikimbie fizikia. Walimu na wazazi, tusaidieni.