Filamu imerudi mjini, lakini nani anakupimia mwanga?

Juni 2024 kampuni ya Ricoh ilizindua Pentax 17, kamera mpya kabisa ya filamu, wakati wengi walidhani habari za filamu ziliishia kwa baba zetu. Miaka miwili kabla yake Leica ilikuwa imefufua M6. Kodak nayo, iliyoomba ulinzi wa kufilisika Januari 2012, bado inatengeneza filamu mjini Rochester, Marekani. Kwa hivyo ukiona msee katikati ya Nairobi na kamera ya filamu shingoni, usidhani anajishaua tu. Soko lipo.

Ila angalia vizuri linauza nini. Pentax 17 ina lenzi moja isiyotoka. M6 hubadilishwa lenzi, lakini iliporudi bei yake ilipita dola 5,000. Wewe unayetaka kuchezea lenzi tofauti unaachiwa mtumba: kamera ya Canon EOS ya miaka ya tisini, adapta ya chuma, na lenzi kuukuu ya skrubu ya M42, kama vile Helios 44-2 ya Muungano wa Sovieti au Super-Takumar ya Japani. Picha zake ni tamu, hilo sibishi. Kasheshe iko kwa mwanga.

Kamera na lenzi za kampuni moja huelewana. Tundu la lenzi hubaki wazi ili uone vizuri, kisha hujifunga lenyewe unapobonyeza. Ukiweka adapta isiyo na chipu, mazungumzo hayo yanakatika. Kamera haijui hata kama kuna lenzi. Kinachobaki ni kipimamwanga kusoma ule mwanga unaoingia wakati huo, na wewe kufungua na kufunga tundu kwa mkono.

Sasa fikiria. Umefungua hadi f/2 ili ulenge vizuri, kipimo kimekubali, halafu unafunga hadi f/8 na kupiga bila kupima tena. Filamu imepata sehemu moja tu ya kumi na sita ya mwanga ule. Giza tupu, na utajua baada ya kuosha. Dawa ni kulenga tundu likiwa wazi, kulifunga, ndipo upime. Ukitumia Av, kamera itajichagulia kasi ya shata yenyewe, na kwangu hiyo ndiyo njia ya busara kwa anayeanza. Tundu likifungwa, kioo cha kuchungulia huwa giza, na jua linaloingia kwa nyuma linaweza kudanganya kipimo. Bana jicho hapo au uzibe kwa kiganja.

Si kila kamera itakubali ndoa hii. Nikon za bei nafuu kama F65 na F75 huzima kipimo kabisa zikipata lenzi isiyo na chipu, na hata ukikisia mwanga, adapta ya M42 isiyo na kioo haitakuruhusu kulenga mbali. Uliza kabla ya kutoa pesa.

Halafu kuna hili la rangi zetu. Kipimamwanga hudhani kila kitu mbele yake ni kijivu cha wastani. Msimamishe rafiki yako mweusi mbele ya ukuta wa chokaa kule Lamu saa sita mchana, nacho kitaona ukuta, kitapunguza mwanga, na uso wa rafiki yako utazama. Mashine haikusudii ubaya, lakini atakayekosekana kwenye picha ni yeye. Sogea upime uso wenyewe, au pima majani mabichi yaliyo kwenye mwanga uleule anaosimama. Filamu ya rangi ya kawaida huvumilia mwanga uliozidi kuliko uliopungua, kwa hivyo ukiwa na shaka, ongeza hatua moja.

Kama kipimo cha kamera kimekufa, programu za simu za kupimia mwanga zipo, nyingine za bure. Jua likiwa kali bila wingu, wazee walikuwa na hesabu yao: f/16, na kasi ya shata ifuate namba ya filamu. Filamu ya 200, basi 1/200 au iliyo karibu nayo. Roli ina fremu 36 tu. Jaribu hesabu hiyo kwenye fremu ya kwanza, uone kipimo chako kinasema nini.