Mtihani wa sanaa upime jicho, usipime kukariri

Mfanyabiashara wa vitenge hutambua mzigo mbovu bila cheti. Anashika kitambaa, anakigeuza, kisha anataja bei. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza anayesoma historia ya sanaa ya kisasa naye apimwe hivyo. Bado ni rahisi mno kufaulu somo hili kwa kukariri majina na miaka.

Chukua mfano wa Edward Saidi Tingatinga. Ukiuliza alifariki lini, jibu ni 1972, nawe umepima kumbukumbu tu. Mwekee mwanafunzi picha mbili zisizo na jina, moja ya Tingatinga mwenyewe, nyingine ya waliomfuata. Mwambie aeleze ipi ilitangulia na kwa ushahidi gani. Hapo atalazimika kutazama ubao, rangi ya mafuta, mnyama aliyesimama peke yake au kundi lililojaza picha nzima, kisha aeleze jinsi soko la watalii lilivyobadilisha kazi hiyo.

Mfano wa pili ni Elimo Njau. Alizaliwa Kilimanjaro, akasomea sanaa Makerere, akachora kuta za kanisa kuu la Murang'a, na mwaka 1965 akashiriki kuanzisha jumba la sanaa la Paa ya Paa, Nairobi. Je, yeye ni wa historia ya nchi ipi? Atakayejibu kwa hoja ameelewa kwamba Makerere, ambako Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa miaka ya 1930, ilikuwa shule ya kanda nzima.

Walimu watasema majibu ya hoja ni magumu kusahihisha, hasa darasa likiwa kubwa. Ni kweli. Basi vigezo vitangazwe mapema: alama ngapi za kutazama, ngapi za ushahidi, ngapi za kulinganisha. Miaka ibaki, ila itumike kujengea hoja.

Hili linawahusu ninyi mnaovuka Namanga, Mutukula na Rusumo. Picha na vinyago ni mzigo, na bei yake hutegemea neno la mtu anayeaminika kuhusu kazi ni ya nani na ya lini. Nchi za Jumuiya zina mfumo wa pamoja wa sifa za elimu ya juu ili cheti kivuke mpaka. Mwenye cheti asipoweza kutofautisha kazi halisi na nakala, hasara ni ya mnunuzi na ya msanii. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lianzie kwenye karatasi ya mtihani.