Kasi Moja Haitoshi kwa Mwamba Mmoja

Jedwali la shuleni linaloonyesha kasi moja tu ya mawimbi ya tetemeko kwa kila mwamba humfunza mwanafunzi nusu ya ukweli. Itale haina kasi moja. Mnamo mwaka 1960 Francis Birch wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alichapisha vipimo vya miamba iliyobanwa hadi kilobari 10. Vipimo vya namna hiyo huonyesha kwamba mawimbi ya msukumo, ambayo katika itale kavu isiyobanwa huenda kilomita 4 au 5 kwa sekunde, hukaribia kilomita 6 kanieneo ifikapo kilobari 2, yaani kina cha kilomita 7 au 8 ardhini.

Madini hayakubadilika, kilichobadilika ni nyufa. Baina ya chembe za mwamba, na ndani ya chembe zenyewe, mna nyufa nyembamba zisizoonekana kwa macho. Ujazo wake wote aghalabu haufiki sehemu moja katika mia, lakini kwa kuwa ni bapa, huulegeza mwamba kupita kadiri ya ukubwa wake. Zikibanwa hufumba, na mawimbi huongeza mwendo. Zikijaa maji, mawimbi ya msukumo huenda kasi zaidi, ilhali yale ya mkato hayabadiliki sana. Maji hupinga kubanwa, wala hayapingi kukatwa.

Hata nyufa zikifumba, mpangilio wa madini hubaki. Katika shisti, vipande vya ulanga vimelala upande mmoja mithili ya kurasa za kitabu. Mawimbi yanayofuata kurasa hizo huyatangulia yanayozikata.

Huenda ikasemwa kwamba mambo haya ni mazito mno kwa sekondari. Hoja hiyo haina nguvu, kwani aliyekwisha kujifunza kanuni ya Hooke ana msingi wa kutosha. Tena hasara ya kutojua si ndogo. Apimaye msingi wa bwawa, akikuta kasi ndogo katika itale, atadhani amekuta mwamba mwingine, kumbe ni itale ileile iliyojaa nyufa. Huko Olkaria, Kenya, ambako umeme wa mvuke wa ardhini ulianza kuzalishwa mwaka 1981, nyufa za miamba ndizo njia za mvuke huo.

Basi yafaa kila tarakimu ya jedwali iambatane na maswali matatu: mwamba ulibanwa kiasi gani, ulikuwa mkavu au umelowa, na mawimbi yalielekea upande gani?