Dawa Ina Kipimo Chake

Mnyama hana kinywa cha kusema, "Bwana, dawa hii imezidi." Mwezi wa Aprili 2009, huko Florida, Marekani, farasi 21 wa mchezo wa polo walikufa baada ya kupigwa sindano ya kuwatia nguvu. Uchunguzi ulionyesha kwamba madini yaitwayo seleniamu yalizidi mno katika dawa ile. Walioichanganya walikosea kipimo. Mwili huyahitaji madini hayo kidogo tu, yakizidi, huua.

Basi, wewe mwenye mbuzi, usikisie kwa macho. Mpime uzito, soma karatasi ya dawa, nawe ukiwa na shaka mwulize kwanza mganga wa wanyama. Mungu ametukabidhi viumbe hivi. Tusiwalipishe uzembe wetu.